Krismasi nyumbani Kilimanjaro: maswali ninayoulizwa kila Disemba

Kila mwaka ikishafika mwezi wa 11 simu yangu haitulii, ndugu, marafiki, mashemeji, wafanyakazi wenzangu, wote wanauliza yale yale, kwaiyo nimeamua kuyaandika sehemu moja. Mi ni mtoto wa kwanza, kwetu ni Kibosho, naishi Dar, na tangu 2017 mimi ndo naratibu sikukuu ya nyumbani. Tunakuwaga watu 30 mpaka 45 kutegemea na mwaka. Nayosema hapa ni ya kwetu, kwenu Rombo au Machame mnaweza mkawa na namna yenu na iko sawa tu.

Ivi kwani lazima Wachagga wote mpande Disemba?

Sio lazima, ila ukikulia kule utaelewa. Watu wanatutania eti tunaenda kuhesabiwa, na ukweli kweli tunahesabiwa, bibi anakaa pale barazani anaangalia nani kafika na nani bado. Kwetu nyumba ipo ndani ya kihamba, yani shamba la ukoo, kihamba kimepokelewa toka kwa babu, na babu mwenyewe kalala pale pale katikati ya migomba, sa mtoto aliyezaliwa Tabata atalijuaje hilo kaburi kama hujampeleka ukamshika mkono ukamwonyesha? Alafu shule zimefungwa, kwaiyo harusi, ubatizo, kikao cha ukoo, vyote vinarundikwa hapo hapo kati ya tarehe 20 na mwaka mpya. Ukikosa Disemba umekosa vingi kwa mpigo.

Tiketi nikate lini?

Katikati ya mwezi wa 11, usivuke hapo. Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 550, unapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo ndo unaingia Moshi, siku za kawaida ni masaa 9 au 10 lakini tarehe 22, 23 na 24 usijiwekee masaa kabisa. Mabasi mengi yanatokea stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Nauli LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaweka kiwango cha mwisho, kwaiyo dai tiketi iliyoandikwa hela uliyolipa, sio wewe umetoa elfu kumi zaidi alafu kwenye karatasi inasoma nyingine. Mwaka mmoja siti yetu iliuzwa mara mbili, nikasafiri nimempakata mwanangu wa miaka 7 mpaka Korogwe, miguu ilikufa ganzi, tangu siku hiyo nakata mapema na nakata ofisini kwao wenyewe, mpiga debe simpi hela.

Treni nayo ipo, ilirudi Disemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20 bila treni ya abiria kufika Moshi. Ni ile reli ya zamani sio ya mwendokasi, inatembea taratibu usiku kucha, ila wenye watoto wengi na mizigo mingi wanaipenda kwa sababu mtu ananyoosha miguu. Siku za safari ni chache kwa wiki kwaiyo uliza kwanza kabla hujaomba likizo.

Maandalizi nyumbani yaanze lini?

Mbuzi tunanunua mwezi wa 11 mwishoni, analishwa pale pale nyumbani majani ya migomba, kwa sababu ukisubiri wiki ya sikukuu bei inakuwa imepanda na wazuri wameshaondoka. Mchele na ulezi tunachukua Mbuyuni pale Moshi mjini. Kreti za soda weka oda dukani kwa mangi wa karibu mapema na umuulize habari ya chupa tupu, maana kama huna chupa utaweka hela ya chupa na wengi hawaweki hiyo kwenye bajeti. Mkaa gunia moja, kuni za kutosha, mtungi wa gesi uliojaa. Mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo kwaiyo turubai sio anasa, na njia ya kuingilia nyumbani mwageni kokoto maana gari ikinasa kwenye tope siku ya mkesha hamna wa kuisukuma, wote wako misa.

Hela anatoa nani? Kila mwaka tunagombana kwenye grupu.

Kwetu tulishagombana sana mpaka shangazi mmoja akatoka kwenye grupu la watsapu na hakurudi mpaka Pasaka. Kosa letu lilikuwa kupandisha ile orodha, fulani katoa laki moja, fulani sifuri. Yule wa sifuri alikuwa kaachishwa kazi mwezi wa 8 na hakuwa amemwambia mtu. Sasa hivi tunafanya hivi, mtunza hela ni mmoja, kila mtu anamtumia kimya kimya, na kinachopandishwa kwenye grupu ni jumla tu na matumizi pamoja na picha za risiti. Asiye na hela anatoa mikono, anatangulia siku tatu kabla, anapasua kuni, anasafisha makaburi, anapaka chokaa, na hiyo kazi inatajwa mbele za watu siku ya kikao sawa sawa na mchango wa laki mbili. Jamani hili nalisisitiza, mtu asije akabaki mjini Krismasi kwa sababu ya aibu ya elfu hamsini.

Watu 40 niwapikie kiasi gani?

Hesabu zangu baada ya kukosea miaka kadhaa: mchele mkavu kilo moja inatosha watu 6 mpaka 8, lakini kwa kuwa na ndizi zipo basi kilo 5 za pilau zinatosha kabisa. Nyama weka robo kilo kwa mtu, yani kilo 10 hivi. Mbuzi wa kilo 25 mpaka 30 akiwa mzima atakupa nyama na mifupa karibu nusu ya huo uzito, kwaiyo mbuzi mmoja mzuri anakaribia kutosha, ukitaka kuwa na amani ongeza kuku watatu wanne. Ndizi mikungu miwili mikubwa. Soda, hesabu mbili kwa kila mtu, kreti ina 24, chukua 4. Maji ya kunywa watu husahau na kule juu kuna siku bomba halitoi, chota ndoo mapema uchemshe.

Na chakula kimoja kisiwe na nyama kabisa. Sisi ni kiburu, ndizi na maharage vinapikwa pamoja mpaka vinashikana, wazee wanakipenda na wanaokwepa nyama hawabaki wakila kachumbari peke yake.

Machalari, yani ndizi na nyama, inapikwaje? Yangu inakuwa nyeusi na inapondeka.

Hili swali nalipenda. Kwanza ndizi. Chukua mchare, sio ndizi yoyote iliyo kijani, mchare inaiva laini na inashika ladha ya supu. Paka mikono mafuta ya kula kabla hujaanza kumenya maana utomvu ukishakauka kwenye vidole utahangaika nao siku mbili, na kisu kipake pia. Kila ndizi ukimaliza kumenya itumbukize hapo hapo kwenye maji, usiache hata moja juani, weusi unaanzia hapo. Mama yangu anazikwangua kidogo na ncha ya kisu baada ya kumenya, anatoa ile ngozi nyembamba iliyobaki, ndo maana zake zinatoka rangi ya siagi.

Nyama ianze peke yake, ya mifupa, na tangawizi na chumvi, ichemke mpaka ikaribie kuiva na supu ibaki nyingi. Hapo ndo unapanga ndizi, nyama, kitunguu, nyanya, karoti ukipenda, unamwagia supu ifunike, unafunika na jani la mgomba juu kabla ya mfuniko. Moto wa wastani. Na hapa ndo wengi wanaharibu, usikoroge! Shika sufuria kwa matambara pande mbili uitikise tu. Mwiko ukiingia kila dakika umeshapika mtori, ambao nao ni mtamu, ndizi na nyama zinapondwa na mwiko mpaka inakuwa uji mzito, ndo chakula cha mzazi aliyejifungua, ila siku hiyo hukukusudia mtori. Ikikaribia ongeza siagi kidogo au maziwa, zima, iache dakika 10 ipumue.

Na mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi? Lazima iwepo?

Kwa wazee lazima, na mi naona ni heshima kuwa nayo hata kama nusu ya wageni hawanywi. Lakini mbege haiharakishwi. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unakaushwa alafu unasagwa. Ndizi zinaachwa ziive kabisa, zinachemshwa mpaka zinabadilika rangi na kuwa nyekundu, zinapoa na kukaa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, ndo unachanganya na uji wa ulezi. Gome la msesewa ndo linaleta ule uchungu. Ukijumlisha yote hayo utaona kazi inaanza mapema Disemba, kwaiyo kama huna mama mwenye mkono wa kuipika nenda kaweke oda kwa jirani anayejulikana, na umlipe vizuri. Kwetu mwenye mbege anaonja kwanza mbele ya watu, alafu kata ya kwanza, kile kibuyu cha kunywea, anapewa mkubwa kuliko wote.

Mbege ni pombe, inalewesha, watoto hapana, dereva hapana. Barabara za kule zina kona na giza. Mwaka juzi binamu yangu alikabidhi funguo kwa baba yangu, babu wa watoto, saa nane mchana kabla hajashika kata hata moja, akalala nyumbani, na sasa imekuwa ndo sheria ya nyumba, funguo zote kwenye kopo la babu.

Tuna jirani na marafiki Waislamu, tufanyeje kwenye nyama?

Rahisi, muite jirani Mwislamu aje achinje. Kwetu anakuja mzee mmoja asubuhi na mapema, anachinja mbuzi na kuku wote, anakunywa chai, anaondoka na fungu lake, na mchana anarudi na familia anakula kwa raha zote. Kama kuna nguruwe basi apikwe pembeni, jiko lake, sufuria zake, visu vyake, mwiko wake, na waambie wazi wapakuaji wasije wakachanganya vijiko. Idi na sisi tunaenda kwake vile vile.

Ndafu ni nini na nifanye au nisifanye?

Mbuzi mzima wa kuchomwa taratibu kwenye makaa, masaa manne mpaka sita, amepakwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, anasimamishwa mbele ya watu na majani mdomoni. Kwenye harusi ndo keki yetu. Kwa sikukuu ya familia tu, kama hamna mtu wa kukaa na moto masaa yote hayo, choma vipande.

Mama yangu anapika mwenyewe kila mwaka na anasema anapenda. Nimwache?

Hapana. Na hapa naomba unisome vizuri.

Krismasi ya 2016 tulipiga picha ya familia mbele ya nyumba, picha nzuri sana, watoto wamevaa nguo mpya, baba katikati na kofia yake. Tumeirudia kuiangalia mwezi wa kwanza tukiwa Dar, tukahesabu watu 31. Mdogo wangu akasema, mama yuko wapi? Tukatafuta uso kwa uso. Hayupo. Alikuwa jikoni nyuma, kwenye moshi wa kuni, anageuza pilau. Nikikuza ile picha upande wa kushoto, kwenye kona ya nyumba, inaonekana pindo la kanga yake na ndoo. Ndo kilichopo cha mama kwenye Krismasi ya 2016. Tulikuwa watu wazima 18 pale na hakuna hata mmoja aliyeita jina lake kabla ya kubonyeza simu.

Tangu hapo tumebadilisha kila kitu. Wapishi ni zamu na wanaume wamo, sio kwenye nyama tu, kwenye kumenya ndizi, kwenye kuosha vyombo, kwenye kupakua. Tunaajiri akina mama wawili wa pale kijijini wa kusaidia tarehe 24, tunawalipa tarehe 24 jioni ili na wao wakafanye sikukuu kwao. Vitunguu, karoti, tangawizi, vyote vinamenywa jana yake. Tarehe 25 baada ya misa ya asubuhi mama anakaa kwenye kiti, anapelekewa sahani yake ya kwanza, na wa kumpelekea ni mtoto wa kiume. Mwaka wa kwanza alikuwa anainuka kila baada ya dakika tano, mara chumvi imekolea, mara nani kafunika sufuria, mpaka baba akamwambia "mama fulani, kaa". Sasa ameshazoea, na mapishi yake tumeyachukua yote kwa kukaa naye jana yake anatuelekeza, na hicho ndo anachokipenda kumbe, kuelekeza, ile moshi hakuwahi kuipenda.

Kwaiyo akikuambia anapenda, muulize anapenda nini hasa.

Ni mara yangu ya kwanza kwenda ukweni Krismasi, mi ni wa Mtwara, niende na nini?

Hongera mkamwana. Beba kanga au kitenge cha mama mkwe, sukari, majani ya chai, na za kwenu usiziache, korosho za Mtwara zitakufanyia kazi kubwa kuliko zawadi yoyote ya dukani, wazee wataziongelea mpaka Januari. Sweta pia, Moshi mjini ni joto ila ukipanda juu jioni kunapoa. Ukifika salimia wote kuanzia mkubwa, usiruke mtu. Maneno ya Kichagga jifunze hata moja tu, aika, maana yake asante. Watacheka kwa furaha alafu watakupa na mengine.

Na wewe mume, usimwache mwenzio akae na watu 40 asiowajua huku wewe umekimbilia kwa marafiki zako wa shule ya msingi. Siku ya kwanza kaa naye, mtajie nani ni nani. Na asiingizwe jikoni kabla hajanywa hata chai.

Kuna ndugu wawili hawaongei miaka mitatu, tuwaalike wote?

Waalike wote, ila msiwapatanishe mezani mbele ya watu waliokunywa. Wazee washughulike nao kabla, tarehe 23 au 24, faragha. Kwetu kuna isale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba. Mtu akija kwako ameshika isale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Nilishuhudia baba mkubwa, mtu mkali asiyeinamia mtu, amesimama getini kwa mdogo wake saa moja asubuhi na lile jani mkononi, hajasema neno, koti lake limelowa umande. Mdogo wake alitoka na kandambili, akaliangalia jani, akalipokea kwa mikono miwili. Ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba, hatua nne tu za mguu. Mchana walikula sahani moja.

Isipowezekana mwaka huo basi isiwe nongwa, wakae upande tofauti, wale, waondoke salama.

Watoto wa mjini wanaboeka, hawana bando, nifanyeje?

Watoto wale kwanza kabla ya wakubwa, hilo moja. La pili wakabidhi kwa bibi au babu asubuhi, awaonyeshe mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, maji yanavyotoka juu mlimani yanapita shamba kwa shamba, wakamulie ng'ombe, wachume parachichi. Mwanangu alikaa masaa mawili anafungua na kufunga maji ya mfongo na tope, simu hakuikumbuka. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni watoto tu, kuna moto, kuna sufuria za maji moto, kuna magari yanarudi nyuma.

Chakula kilichobaki?

Kisikae nje zaidi ya masaa mawili baada ya kuiva, watu wakinyang'anyana story. Pakua kwenye vyombo vidogo, weka kwenye friji, kesho yake pasha mpaka kichemke kweli kweli. Nyama mbichi usiiweke karibu na kachumbari. Tarehe 26 sisi hatupiki kipya, tunapasha na kuwapelekea wagonjwa na wajane wa jirani, na cha kupeleka tunakitenga tarehe 25 kabla watu hawajala, sio mabaki ya sahani.

Mwaka huu nimeshindwa kwenda, niko zamu kazini.

Pole. Tuma mchango wako kama unao, piga simu ya video saa ambayo wote wamekaa, sio saa ya kupika, na uombe uzungushwe uone kila mtu. Alafu tafuta wengine waliobaki mjini, manesi, walinzi, wanafunzi wa mbali, pikeni pamoja. Nilibaki Dar mara moja, tulikuwa watu sita kwenye chumba na sebule Kimara, ndizi tulinunua Mabibo, na mpaka leo wale watano ni ndugu zangu.

Kuondoka ni lini na tunabeba nini?

Tiketi ya kurudi kata siku ile ile unayokata ya kwenda, tarehe 2 na 3 Januari ni shida kama Disemba tu, na ada za shule zinakusubiri kwaiyo nauli ya kurudi usiiguse hata soda ikiisha. Mzigo, utapewa ndizi, utake usitake. Mkungu funga na majani makavu ya mgomba, usifunge na nailoni utatoka jasho na kuoza kwenye buti la basi, andika jina lako na namba ya siti kwenye kipande cha boksi ukifunge na kamba. Parachichi beba mabichi. Na aga kila mtu kwa jina usiku wa kuamkia safari, maana asubuhi basi la saa kumi na mbili halisubiri, ila mama atakuwa ameshaamka kabla yako, kasimama mlangoni na chupa ya chai.